Majina Aliyokataa Kuyataja Mama

Woolwich, 9 Machi

Shangazi Lorraine mpendwa,

Kabla hata sijakuuliza hali ya mgongo wako, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: nina TB.

Muuguzi wangu, Bi Rupal, hunitazama kwa simu nikimeza dawa. Dawa hizo zimefanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa; navuta maji ya choo mara mbili ili Mama asione. Bi Rupal aliponiuliza nalala na nani, nilisema peke yangu. Shangazi, tunalala kitanda kimoja. Mama anahudumia wazee majumbani kwao. Wakijua kazini kwake, atasimamishwa, na kanisani hakuna atakayekaa benchi letu. Hapa ughaibuni watu husema huo ni ugonjwa wa huko kwetu. Nyinyi mko salama?

Mpwa wako,
Dinah

Kisumu, 11 Machi

Dinah wangu,

Mgongo unauma tu, achana nao. Pole sana, mama. Ugonjwa wa kwetu? Mimi nilipougua, mhudumu wa afya alibisha hodi hapa akapima kila mtu, hata mpangaji wetu Jeff, aliyelalamika, "Mimi nalipia nyumba, makohozi hayamo!" Mtaa mzima ulijua. Nikapona.

Lakini baba yako mdogo Protas, kule kaskazini, hakupata mashine ya kupimia. Makohozi yake yalipelekwa mjini kwa lori, na majibu yalirudi tumeshamzika. Na ni Kenya hii hii. Wewe umeletewa kila kitu mlangoni, halafu unajificha!

Mama yako anakohoa? Nijibu hilo tu.

Shangazi yako

Woolwich, 30 Mei

Shangazi,

Natumaini hamjambo wote. Uliponiuliza, Mama alikuwa ameshaanza kukohoa. Nilishindwa kukujibu.

Nilipokuja kumweleza Bi Rupal ukweli, tayari pafu moja la Mama lilikuwa limeharibika vibaya. Amelazwa chumba cha peke yake; naingia na barakoa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwambie Lorraine ni nimonia."

Kisha Bi Rupal akamwomba majina ya wazee anaowahudumia, ili nao wapimwe. Mama akageukia ukutani. "Siwakumbuki." Anawajua hadi paka wao, Shangazi. Nilimfuata Bi Rupal nje nikamtajia wote. Bibi mmoja tayari anaumwa. Kazini wamemwambia Mama asirudi mpaka aitwe, na kila nikienda ananiuliza, "Nani amenichoma? Nani ametaja majina?" Namjibu sijui.

Ukimpigia simu, muulize nimonia inaendeleaje. Na hili la majina, nakuomba sana, libaki kwako.

Dinah wako