Kadi ya Mtu Anayebaki

Mtaa wa 41, Nambari 5608,
Cienfuegos, Kuba.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Nereida, binti wa mjomba,

Pokea salamu zetu nyingi. U hali gani huko Montevideo? Bega lako limepona, au bado unanyanyua mizigo ya dukani kwa mkono mmoja? Sisi huku tu wazima. Mama, shangazi yako, anakula vizuri, ila nyonga ndiyo hiyo hiyo. Kutoka kitandani hadi kibarazani ni safari. Bado anakuita "yule mtoto mwembamba", nawe una miaka hamsini.

Barua hii nampa jirani yetu Osniel, anayehama Alhamisi kuja huko kwenu kupitia Panama. Naandika kwa kalamu kwa sababu yaliyomo sikutaka kukusomea kwenye simu huku mama akiwa hatua tatu kutoka kwangu.

Kwanza, ukweli wa jinsi kadi ya michoro ya kompyuta yangu ilivyokufa. Nilikwambia ni uzee, lakini sivyo. Katika shajara nimeandika hivi: "Jumanne, 11 Februari, saa tisa alasiri. Umeme umerudi baada ya saa kumi na tisa. Kadi imeungua." Unakumbuka mtaa wetu: kila mtu huacha swichi zake zimewashwa ili asikose hata dakika ya kwanza. Siku hiyo mama alijikokota mpaka mezani kwangu akaiwasha swichi ya kompyuta, nisije nikapoteza muda wa kazi. Umeme ukaingia kwa kishindo. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umekujaaa!" Mama akapiga makofi kibarazani. Mimi nikasikia harufu.

Hajui. Ukija, nawe sema ni uzee.

Tangu siku hiyo sijamaliza picha hata moja. Kazi yangu unaijua: ile ofisi ya ujenzi ya Mérida hunitumia ramani ya nyumba, nami huwachorea picha ya nyumba iliyokwisha, na kuta zake, viti na jua la dirishani, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Bila kadi, picha moja yataka siku mbili mfululizo, na umeme wa siku mbili mfululizo hapa haupo. Ofisi imenivumilia hadi mwisho wa Aprili. Baada ya hapo kazi itakwenda kwa mwingine, na sisi hatuna riziki nyingine.

Sasa, uliniambia nichague kadi mpya mwenyewe, nisizidi dola mia tatu na hamsini, nawe utaileta tarehe 2 Aprili. Nilichora jedwali kwa rula, kama kawaida yangu. Chapa ndiyo ilikuwa rahisi. Za AMD ni nafuu zaidi kwa nguvu ile ile, lakini programu yangu ya kuchorea inaelewana zaidi na Nvidia, basi zile nikazifuta. Zikabaki mbili: 3060 yenye kumbukumbu ya giga kumi na mbili, dola 330 kwa bei ya duka ulilonitajia, na 3050 yenye giga sita, dola 215.

Osniel alinikuta na jedwali hilo akacheka mpaka akakaa chini.

"Kubwa, bwana! Hilo nalo ni swali? Hiyo ndogo nani ataitaka?"

"Mimi. Nitaitumia."

"Kutumia! Ewe mzee wa rula, hapa nani ananunua kitu cha kutumia? Unanunua kitu cha kuuza siku yako ikifika. Mimi lile friji langu nililouza ndilo linalonipeleka Panama."

Mama akadakia kutoka kibarazani: "Na sanduku lake lisitupwe! Kitu chenye sanduku kinauzika!"

Juu ya kabati lake kuna masanduku saba matupu: la feni, la blenda, la pasi, mpaka la redio iliyokwisha kufa. Yote anayafuta vumbi, yanangoja siku tutakapouza kila kitu na kuondoka. Nawe, dada, uliandika vivyo hivyo: chukua kubwa, siku ukija huku utaiuza.

Hapo ndipo nilipokwama wiki tatu. Kuandika "3060" kulikuwa ni kuandika "naondoka". Nilimuuliza mama tena kama atakubali tuondoke pamoja. Akanijibu, "Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitabaki na masanduku." Akacheka. Mimi sikuweza.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikafungua shajara za zamani. 1 Januari 2019: "Mwaka huu tunaondoka." 2020, hivyo hivyo. 2021, hivyo hivyo. Mara saba, Nereida, hadi Januari hii, na kilichobadilika ni rangi ya wino tu. Hakuna mwingine wa kumnyanyua mama asubuhi.

Sikwambii kwamba nimeridhika. Kuna alasiri, feni ikiwa imesimama, naisikia nyumba hii kama shati lililosinyaa mwilini, wala siwezi kulivua.

Basi nikarudi kwenye jedwali na kuongeza safu moja: betri. Osniel ameniachia betri ya pikipiki yake ya umeme pamoja na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Nimepiga hesabu: kwa kadi kubwa nitafanya kazi saa tatu gizani, kwa ndogo saa tano. Nyumba yenye bustani haitaenea kwenye giga sita, kwa hiyo nitachora nyumba kwanza, bustani baadaye, kisha niziunganishe. Ni polepole, lakini inafika.

Niletee ndogo. Angalia sana, kuna 3050 nyingine ya giga nane, inayotaka waya wake wa umeme. Pawa saplai yangu, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, haina waya huo. Muuzaji akikupa hiyo, ikatae. Isizidi sentimita ishirini kwa urefu. Fedha itakayobaki, mnunulie mama fimbo ya miguu minne.

Nisalimie shemeji Washington na mwanao Yamila. Mwambie chumba chake cha dirisha la mbele bado hakina mtu. Mama anakubariki kwa mikono yote miwili. Mungu akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye, penye umeme na pasipo umeme,

Leovigildo

N.B. Kadi iache ndani ya mfuko wake wa kung'aa, uiviringe kwa taulo katikati ya nguo zako. Sanduku lake liache huko huko dukani. Mama ataliulizia, nitamjibu mwenyewe.