Viganja Mbele ya Kamera

S.L.P. 418,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, isipokuwa mdogo wangu ana mafua na anadeka kama mgonjwa wa kulazwa.

Kwanza nikushukuru. Baba alipoapa kwamba mwanawe hatafanya kazi kasino, ni wewe uliyempigia simu ukamsihi aniache nijaribu. Alikubali shingo upande, kisha akaninunia miezi mitatu.

Uliniuliza humo ndani kuna nini. Kuna mashine za kubahatisha, unabonyeza picha zinazunguka. Hizo hazitaki akili, zinataka kidole tu. Kuna ruleti, gurudumu la namba ambamo kigololi hurukaruka mpaka kichoke. Kuna dadu, na kuna poka ya karata, ambako watu wazima hukaza nyuso kana kwamba wanapigwa picha ya kitambulisho. Mimi nachezesha ishirini na moja: nagawa karata, na mchezaji akinizidi jumla ya namba bila kuvuka ishirini na moja, ameshinda. Sikufichi, michezo yote imepangwa ili kasino isiambulie patupu. Sisi wafanyakazi tumekatazwa kabisa kucheza.

Kila nikiondoka mezani lazima nigonganishe viganja kofi moja na kuvigeuza, kamera ione sijachukua kitu. Basi juzi nyumbani, baada ya chakula cha mchana, niliinuka nikafanya vilevile bila kujijua. Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Baba akaniuliza hiyo ndiyo nini, na hilo ndilo swali lake la kwanza kwangu tangu nianze kazi. Nikamweleza huku nikikusanya vyombo.

Unajua alivyotunza stoo ya kiwanda miaka ishirini na saba, akipekuliwa getini kila jioni. Akasema, "Kumbe na ninyi mnapekuliwa."

Kisha akainuka, akapiga kofi moja, akanigeuzia viganja vyake. Shangazi, nililia palepale na vyombo mkononi. Bila ile simu yako nisingeyaona hayo. Asante sana.

Nisalimie Bibi, mapacha, na yule fundi cherehani jirani yako. Mungu akulinde na alikumbuke goti lako.

Baba naye anakusalimu. Kasema nikuandikie kwamba ulikuwa sahihi, ila nisiandike kwamba kasema yeye.

Wako akupendaye,
Kidomo