Nilimpima Mkwe Wangu Presha kwa Hila

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaharibu kitu kizuri, na nasema kizuri kwa sababu sina la kulalamikia, mume wangu ni mzima, ng'ombe wamezaa salama mwaka huu, mwanangu Dell anaishi ng'ambo ya kijito na mkewe Kaylene, ambaye hata ningeambiwa nimchagulie mke mimi mwenyewe nisingepata wa kumshinda, na mimi ni mfamasia, peke yangu katika wilaya yetu yote huku mashariki ya jimbo la Oregon, Marekani, na dukani kwangu kuna birika la kahawa lisilopoa, haingii mtu akatoka bila kikombe, hata mchungaji wa kanisa.

Sasa kuna hii sheria ya jimbo inayoturuhusu wafamasia kumpa mwanamke vidonge vya uzazi wa mpango bila cheti cha daktari, anajaza fomu ya maswali, unampima presha, mambo yakiwa sawa unampa, presha ikizidi unamrudisha kwa daktari, na daktari wetu yuko maili mia na kumi, kwa barabara ya mlimani. Mimi niliipigania sheria hiyo, nilikwenda Salem, makao makuu ya jimbo, nikasimama mbele ya wabunge, nikawaambia mwanamke wa ranchi asilazimike kuvuka theluji kwa ajili ya kidonge, na walinipigia makofi.

Jumanne iliyopita Kaylene akaja, ametoka kupakua mawe ya chumvi ya ng'ombe kwenye gari, jasho linamtoka, akatazama kama kuna mtu dukani, akaniambia, "Mama, miaka yote miwili tangu tuoane nimekuwa nikiendesha mpaka kwa daktari kufuata vidonge. Nimechoka kukuficha. Mimi na Dell tunangoja nimalize masomo ya ualimu, bado miaka miwili, na nataka unipe wewe."

Mshauri, moyo uliniporomoka, maana juu kwenye kabati nina kofia saba za sufu za mtoto mchanga, nimezifuma jioni baada ya jioni, nikidhani Mungu ndiye anayechelewesha, kumbe ni wao. Nilimmiminia kahawa kama kawaida, akanywa, nikammiminia tena kabla hajaomba, na kahawa yangu inajulikana kwa ukali, kisha nikamfunga mkanda wa kipimo juu ya mkono wa jaketi lake, akiwa amesimama, anahema bado, na mashine ikasoma kilichotakiwa kusomwa. Kikombe cha kwanza ni mazoea, nakubali. Cha pili nilijua ninachofanya, kahawa hupandisha presha, nami nimepima watu presha kwa miaka thelathini na moja. Nikamwambia kwa sauti ya kazini kwamba imezidi, sheria hainiruhusu, amwone daktari.

Nilifikiri atanuna tu. Jumapili walikuja kula, nikaona hagusi nyama wala mchuzi, amekula viazi vitupu, kahawa ameikataa, na baba yake ana presha tangu ujana, mimi nilisahau hilo, au nilijifanya nimesahau. Tulipokuwa tunaosha vyombo akanishika mkono, akasema, "Asante, Mama. Usingenipima, ningeanguka siku moja bila kujua nina nini."

Daktari amempa nafasi baada ya wiki tatu, vidonge vyake vinaisha mwisho wa mwezi, yeye hapati usingizi na mimi sipati. Nikimwambia, nitampoteza. Nisipomwambia, je, si itapita tu yenyewe daktari akimpima akamkuta mzima?

Ni mimi, Mwenye Koti Jeupe.

*

Mwenye Koti Jeupe,

Hapana, haitapita yenyewe. Daktari akimkuta mzima, Kaylene atarudi kukuuliza mashine yako ina ubovu gani, na hapo utasema uongo wa pili, tena yule msichana ni mwerevu.

Pole kwa kofia saba. Nimezifikiria hizo kofia na nimekuhurumia kweli. Kumtamani mjukuu si kosa, na hakuna anayekulazimisha uache kufuma. Lakini mama mkwe alipaswa kubaki jikoni kwake. Pale kaunta alitakiwa mfamasia, na wewe ulimtoa nje mfamasia ukamwachia mama mkwe mashine. Sheria uliyoililia Salem umeigeuza kufuli, kwa mtu wa kwanza wa nyumbani kwako aliyekuja kuitumia. Aibu hiyo ibebe, imekustahili.

Tena unaniambia utampoteza. Mama wee, soma barua yako mwenyewe. Huyu ameendesha maili mia na kumi miaka miwili ili usijue, na juzi akaamua ujue. Angeweza kuendelea kuendesha. Mtu anayetaka kukukimbia haji kukukabidhi siri yake na mkono wake upimwe.

Kwa hiyo usingoje. Ukimaliza kusoma barua hii vua aproni, vuka kijito leo hii. Mwambie yote, kikombe cha pili, mkono wa jaketi, kofia. Usianze na kofia, maana atakuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na kukasirika ni haki yake. Akipiga mlango, rudi nyumbani kimya. Dell asisikie kwako, atasikia kwa mkewe akipenda.

Usimpime siku hiyo. Mwanamke aliyetoka kusikia habari kama hiyo presha yake haiwezi kusema kweli. Mpe siku mbili tatu, kisha aje dukani asubuhi kabla ya kazi. Aketi dakika tano, mgongo uegemee kiti, miguu sakafuni, mkono mtupu juu ya meza, na wewe unyamaze. Asome namba yeye mwenyewe. Ikiwa sawa, mpe vidonge vyake na usitoe hotuba. Ikiwa imezidi kweli, mwendeshe wewe mpaka kwa daktari, kwa gari lako.

Mkishamaliza, mmiminie kahawa. Kikombe kimoja.