Jibu la Zahari

Lom, 3 Machi 2019

Mpwa wangu Ralitsa,

Nimekuficha jambo tangu ulipoanza kusomea sheria, na sasa kifua hakinipi muda wa kuendelea kuficha. Huyo Zahari unayemtetea, aliyefungiwa katika makao ya wagonjwa wa akili kule milimani, alikuwa na wakili siku aliyonyang'anywa haki ya kujiamulia mambo yake. Mahakama ndiyo iliyomteua wakili huyo. Ni mimi. Saini yangu ya wakati ule ilikuwa mkwaruzo tu, ndiyo maana hukuitambua.

U mzima lakini? Unakula? Mimi napumua kwa mashine asubuhi na jioni.

Mjomba wako,
Hristofor

Sofia, 9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa kifua. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Nimekasirika, sikufichi, lakini hasira itangoja, maana shauri la kumrudishia haki yake linasikilizwa tarehe 2 Aprili. Katika kumbukumbu za mahakama za 14 Februari 1991 kuna mstari mmoja unaotuumiza: "Aliulizwa leo ni siku gani, hakujua." Hata daktari wa sasa anauegemea huo huo.

Zahari anasema alijibu. Nilipomwambia kwamba wakili wake yu hai, alicheka: "Yule aliyekuja mahakamani na mabuti? Basi aseme nilijibu nini. Wenzake wote wamekufa, wameniachia yeye."

Mjomba, alijibu nini?

Mpwa wako,
Ralitsa

Lom, 15 Machi

Marahaba, mwanangu.

Hali yangu ni ile ile. Jirani ananiletea supu ya maharage, chumvi tele, nanyamaza nisimuudhi. Kuhusu swali lako, miaka ishirini na minane ni mingi. Chumba kilikuwa na baridi kali. Hakimu alikuwa mtu mcheshi. Zaidi ya hapo sikumbuki vizuri.

Vaa nguo nzito.

Mjomba wako

Sofia, 18 Machi

Shikamoo Mjomba,

Baridi unaikumbuka, jibu hulikumbuki?

Jana nilikwenda kwa Zahari. Ana miaka hamsini na saba, na anaomba kitu kimoja tu: arudi nyumbani kwa marehemu mama yake. "Mizabibu imekuwa pori," aliniambia. "Nipeni mwaka mmoja, muone." Tukishindwa safari hii, atafia kule.

Sitaki useme samahani. Nataka jibu lake. Zimebaki wiki mbili.

Ralitsa

Lom, 27 Machi

Ralitsa, mwanangu,

Usiniulize hali. Nimemwita kamishna wa viapo hadi kitandani. Amenishuhudia nikitia saini, na muhuri wake uko hapo chini. Barua hii ipeleke mahakamani, na jina langu usilifiche.

Tarehe 14 Februari ilikuwa siku ya Mtakatifu Trifon. Unajua siku hiyo hapa kwetu hakuna anayebaki ndani: mizabibu inapogolewa, mashina yanamwagiwa divai, na watu wanakunywa. Hakimu alikuwa ametualika shambani kwake. "Tufanye upesi, waheshimiwa," alisema, "kondoo yuko motoni." Zahari aliletwa, amenyolewa, ametulia. Daktari akamuuliza leo ni siku gani.

Zahari akainama, akatazama miguu yetu chini ya meza.

"Siku ya mizabibu, daktari. Nyie wenyewe mmeshavaa mabuti, halafu mnaniuliza mimi?"

Tulicheka wote, hata karani. Kisha karani akauliza aandike nini. Hakimu, bado anajifuta machozi ya kicheko, akasema, "Kaulizwa tarehe, kataja mizabibu. Andika hajui." Akanigeukia. "Wakili, una pingamizi?"

Zahari naye alinigeukia. Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayejua kwamba amejibu sawasawa.

Na alikuwa amejibu sawasawa. Nilijua, kwa sababu mkasi wangu wa kupogolea ulikuwa mkobani, juu ya jalada lake.

Nikasema, "Sina."

Hristofor,
aliyekuwa wakili wa Zahari