Skonzi ya Mwisho ya Mama

Zina, shangazi Tsilya amenipokonya mkate mdomoni. Mdomoni kabisa, mbele ya watu!

Tumetoka kumzika mama, nikafungua friza. Imebaki moja tu ya zile skonzi zake za vitunguu, zile tulizokula kila asubuhi na siagi. Katikati bado kuna shimo alilobonyeza kwa kidole gumba chake. Nikaipasha moto, nikaipeleka mdomoni, shangazi akaidaka.

"Weka chini! Myahudi akitoka kuzika hali chakula chake mwenyewe. Mlo wa kwanza huletwa na majirani. Mama yako hakukufunza?"

Hakukufunza! Mama hajalala hata usiku mmoja kaburini, na yeye anasema hakunifunza.

Nikamwambia, "Shangazi, hii si yangu. Ni ya mama."

"Ya mama ni yako sasa. Umeirithi."

 

Akainuka Bronya, yule jirani wa ghorofa ya chini. "Binti, nipe mimi basi. Nyumbani sina hata kipande cha mkate. Unanipa?"

Hata yeye! Nikatikisa kichwa kukubali. Akaichukua, akaenda zake, akafunga mlango. Nikajua ndiyo basi.

Mara hodi.

Bronya, na sahani yake mkononi. "Poleni wafiwa. Mimi jirani yenu nimewaletea mkate."

Shangazi akaitazama ile sahani. Kisha akanisogezea siagi.

Nimeanzia pembeni, Zina. Pale penye kidole nimepaacha mpaka mwisho.