Nilitoroka Nikiwa Nimepakiwa Chapati

Mpendwa Mama Jemutai,

Naomba unisaidie kabla sijajifungua, kwa maana nimeolewa miezi saba sasa na kwetu hakuna anayekubali kwamba nimeolewa, na kosa ni la chapati.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule hapa Yamumbi, na George ni karani kwenye ghala la mahindi, na kwa vile kwetu ni Wabukusu na kwao ni Wajaluo, na kamati ya harusi ilikuwa imekaa vikao vinne bila kukubaliana hata rangi ya tai, tuliamua kutoroka tukafunge ndoa mbugani kama tulivyoona watu wakifanya kwenye simu, wawili tu, nyasi, upepo na gauni jeupe, tukachagua ile mbuga ndogo ya kinamasi upande wa Kitale kwa sababu huko mtu hutembea kwa miguu. Asubuhi hiyo nilimwambia mama tunaenda trip kuangalia swara, gauni nimelikunja chini ya sweta, naye hakuuliza kitu, akanipakia chapati kumi na mbili kwenye hotipoti yake nyekundu, ile ya wageni, akasimama kwenye geti mpaka tukapotea kwenye kona. Tulifunga ndoa juu ya daraja la mbao, pasta rafiki ya George akituombea, mkewe akiwa shahidi wa kwanza na askari wa mbuga shahidi wa pili, na gambuti zake na bunduki, gauni likaingia tope hadi magotini, tumbili akala chapati mbili wakati wa maombi, na swara mmoja akatoa kichwa kwenye mafunjo akatutazama mpaka tukasema amina. Nilifurahi sana siku hiyo, sitadanganya.

Tuliporudi nikampigia mama simu nikamwambia tumetoroka, tumeoana. Akasema, "Hapana. Mtu akitoroka haagi. Wewe uliaga, nikakupakia chapati. Uko trip."

Tangu hapo niko trip. Kwetu msichana akitoroka, mashangazi humfuata hadi kwa mvulana, wakimpata wanachinjiwa kuku, na hapo ndipo anahesabiwa ameolewa, lakini wangu wamekataa kuja kwa sababu eti sijapotea. Kila Jumapili kanisani mama anasimama kuomba maombi ya safari kwa ajili ya binti yake Nanyama, na mimi niko pale benchi la nne, George kando yangu, tumbo limefika hapa, na watu wote wamefumba macho wananiombea nirudi salama. Akinipigia haulizi hata ninalala wapi, anauliza tu, "Hiyo hotipoti yangu iko wapi?" Shangazi Maximilla anasema nirudi nyumbani nitoroke upya bila kuaga, wao wanikimbize. Nikamwambia, "Auntie, niko na mimba ya miezi sita, nitakimbia aje?" Akasema, "Utatembea tu. Hata sisi tutakukimbiza polepole, mimi niko na goti." George ameapa hatashiriki. "Nimuibe bibi yangu mwenyewe? Nikishikwa niseme nini?"

Desturi ni kwamba mama hawezi kukanyaga kwangu kabla mashangazi hawajafika, na huyu mtoto ni wa kwanza, na mimi sijui kuosha mtoto mchanga. Namtaka mamangu. Nifanye nini?

Nanyama, Yamumbi

*

Nanyama, binti yangu,

Pole. Futa machozi, kisha keti vizuri nikugombeze. Ulitaka kutoroka kama watu wa kwenye simu, lakini wale hawana mashangazi. Wewe unao, tena wana magoti mabaya na bado wako tayari kukukimbiza. Hiyo ni heshima, usiichezee.

Sasa nijibu. Watu wawili wanaoenda kuangalia swara hula chapati ngapi? Hata George awe na njaa ya mkulima, sita zinatosha. Mamako alipakia kumi na mbili, kwenye hotipoti ya wageni, na gauni jeupe halifichiki chini ya sweta. Alijua, mjinga wewe. Mimi nilitoroka kwetu kupitia dirisha la jikoni, nikajisifia ujanja miaka ishirini, mpaka mamangu akaniambia ndiye aliyeondoa masufuria pale chini nisiyaangushe. Kinachomuuma mamako si kwamba ulienda. Alikupikia chakula cha harusi, ukamtazama usoni ukamwambia ni safari ya swara, na mpaka leo hujasema asante.

Kwa hivyo Ijumaa nenda ulale kwa mama, kwenye kitanda chako cha zamani. Jumamosi asubuhi akienda kukamua ng'ombe, toka. Usiage. Usibebe hata leso. Akute kitanda kitupu, alie apendavyo, kilio hicho ni chake na ulimnyima. Na wewe George, najua unasoma hii: utasimama pale kwenye kona na utamwiba bibi yako kama mwanamume. Ukishikwa, sema umetumwa na Mama Jemutai. Kisha wahi nyumbani ukamate kuku, maana mashangazi hawatachelewa, goti au si goti. Firigisi, hata kama ni ya mwenye nyumba, apewe Maximilla, na usinune.

Nanyama, mashangazi wakiondoka, wampelekee mama hotipoti yake. Isirudi tupu. Pika chapati kumi na mbili kwa mikono yako, hata zikiwa ngumu, na usiandike maelezo yoyote. Akifungua atajua umefika. Jumapili atasimama kanisani kushukuru kwamba umerudi salama kutoka safari, nawe uitikie amina kwa sauti. Jumatatu mfungulie mlango mapema, atakuwa amebeba beseni la kuoshea mtoto.

Mama Jemutai