Harage Moja kwa Picha Namba Ishirini na Saba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo huko uliko? Umekula? Yale mafua yako ya asubuhi yamekwisha, au bado unapiga chafya kama trekta bovu? Mimi sijambo. Macho yanaona, chakula nakila ingawa ladha siipati. Barua hii nasema mimi, anaandika jirani yetu fundi cherehani. Alitaka kuanza na maneno ya kupambapamba, nikamwambia apambe magauni, barua ni yangu.

Huu ni mwezi wa tano tangu tumzike baba yako. Sijalia. Watu walikaa wakingoja nilie, wakachoka, wakaenda kwao. Nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi: nakanyaga, lakini sisikii kitu. Silalamiki. Nakueleza ujue nilikuwa katika hali gani nilipofanya nilichofanya.

Ule ukumbi ninaoufagia, kila mwaka wana mashindano ya picha za kuchora kwa mkono, za rangi na za mkaa. Waamuzi ni watatu, na desturi yao mmoja lazima awe mtu ambaye hajawahi kushika brashi. Mwaka jana walimchukua dereva wa lori la maji. Mwaka huu mkuu wa waamuzi akanitaka mimi. Namwita Bwana Miwani maana anavaa mbili, moja machoni, moja utosini, na bado anaitafuta ya tatu. Alisema nimezifuta vumbi picha nyingi kuliko alizowahi kuziona yeye.

Picha zilikuwa arobaini na moja, zina namba tu. Majina yamefungwa ndani ya bahasha. Chini ya kila picha kuna makopo matatu, kila mwamuzi na lake, unatia maharage kuanzia moja mpaka kumi. Kabla hatujaanza, Bwana Miwani alisoma sheria: ukiitambua picha ya mtu wako, sema, kisha utoke. Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayana ugonjwa.

Nikaanza. Machungwa mezani, nikatia matano. Bibi harusi, matano. Mbwa mwenye miguu ya kabati, matano. Bwana Miwani akanifuata akaniuliza kwa upole kama picha zote kwangu ni sawa. Nikamwambia leo ni sawa. Sikuwa nafanya mzaha.

Namba ishirini na saba ilichorwa kwa mkaa, nyeusi tupu. Kitanda kitupu, shati kwenye msumari, na kile kigoda cha babu yako kilichovunjika mguu akaufunga waya. Shati lile la baba yako nalijua mpaka kifungo kilichokatika. Nikajua ni mkono wako, na hata sikuwa na habari kwamba umetuma picha. Nilipaswa kusema pale pale. Lakini ningesema ningeulizwa shati ni la nani, na mdomo wangu siku hizi siuamini mbele za watu. Nikanyamaza.

Kisha nikautazama waya. Umeuchora kwenye mguu wa kushoto. Mimi nilikaa kwenye kitanda kile wiki sita nikimuuguza, kila nikigeuka kuchukua kikombe cha dawa juu ya kigoda nauona waya kulia. Nikasema moyoni, huyu hata chumba cha baba yake hakukiangalia. Nikatia harage moja. Mwamuzi wa tatu, mwalimu wa uchoraji, akashtuka. Akasema hiyo ndiyo picha kuliko zote ukumbini, kwa nini moja?

Nikamjibu, "Aliyechora hakuwepo."

Unajua neno hilo nilianza kulisema wapi. Siku ya mazishi nilikuambia mbele ya shangazi yako kwamba baba yako anakufa, wewe umekaa mlangoni kama mgeni. Baada ya siku tatu ukaondoka, na mpaka leo hujaandika.

Jioni ile matokeo yakabandikwa ubaoni. Machungwa yameshinda. Wenzangu waliyapa manane manane, na matano yangu, ishirini na moja. Wewe walikupa tisa tisa, na langu moja, kumi na tisa. Mshindi anapata mwaka mzima chuo cha uchoraji na chumba cha kulala.

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimebeba beseni la nguo kwa mikono yote miwili, nikasimama mlangoni mwa chumba kile nikisukuma pazia kwa bega. Macho yakaanguka kwenye kigoda. Waya uko kushoto.

Nikaweka beseni chini. Nikaenda kitandani, nikageuka: kulia. Nikarudi mlangoni: kushoto. Nilifanya hivyo mara nne, bibi mzima nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikakaa sakafuni, pale pale ulipokuwa ukikaa. Kutoka pale mtu anaona vyote, shati, kigoda, kitanda. Ila baba yako usingemwona. Ungeona mgongo wangu. Nilikiziba kitanda chote, mwanangu, halafu nikakugombeza kwa nini husogei.

Hata hapo sikulia. Lakini sakafu ile ni baridi, miguu ikaniuma, na nikaisikia.

Asubuhi, kabla sijashika ufagio, nilimweleza Bwana Miwani yote. Akavua miwani zote mbili. Akasema maharage yangu yakitolewa kwenye picha zote, wewe ndiye wa kwanza. Ila matokeo yamekwisha kutangazwa, hayafunguliwi mpaka mchoraji mwenyewe alalamike kwa maandishi kabla ya tarehe thelathini. Nikamuuliza kama nitaendelea kufagia. Akasema hajui, wakubwa wataamua.

Fomu nimeitia humu. Andika kisa chote na unitaje, usinifiche kwa huruma. Ufagio naujua hata bila ukumbi wao. Mwenye machungwa ataumia, naye hana kosa. Nitamfuata mwenyewe nimwombe radhi. Wewe naanza kukuomba hapa. Nilikosea kwenye kopo, na nilikosea mazishini, na la mazishini ndilo kubwa.

Shangazi yako anakusalimu, na watoto wake pia. Fundi cherehani anakusalimu. Ameacha kuandika mara mbili akisema vumbi limemwingia machoni. Nimemwambia afagie kwake. Mungu akulindie mikono hiyo, na kifua chako kisishikwe na baridi.

Ukija, kaa unapotaka. Kigoda sijakigusa.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, mwenye mdomo mbaya. Hapa chini nimeshaweka dole gumba langu. Nawe weka sahihi yako kwenye fomu.